Dawa ya Baba

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mazishi ya mwalimu Gibson Momanyi, Inspekta Pam Anyiko aliketi ofisini mwake mjini Kisii akisoma barua pepe za marehemu kwa mara ya pili. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana, na Pam hakuwa mtu wa kupeleka jalada lenye ukurasa asioujua. Hilo ndilo jema lake. Baya lake ni kwamba akishaamua jambo, hata umwimbie zaburi hakusikii, na kesi hii alikuwa ameiamua tangu Jumatatu.

Tazama alivyoihesabu. Gibson, mwenye miaka thelathini na miwili, mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya Nyamache, alianguka darasani Alhamisi iliyopita akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari aliyempasua alikuta ini limeliwa. Alisema ni sumu ya mzizi, iliyonywewa kidogo kidogo kwa siku kumi hivi. Majirani nao walisema, bila kuulizwa mara mbili, kwamba marehemu na babake, Mzee Osoro, hawakuwa wamesalimiana kwa wiki sita kwa sababu ya mpaka wa shamba la chai. Juu ya yote hayo kulikuwa na barua, na barua ndiyo iliyomtia Mzee Osoro mahabusu.

Barua yenyewe haikuwa ya kawaida. Miaka miwili nyuma mtu alijipenyeza katika barua pepe ya Gibson akamporomoshea mwalimu mkuu matusi kwa jina lake, na nusura kijana wa watu afukuzwe kazi. Tangu siku ile hakutuma barua ya maana bila kuifunga na kuitia sahihi ya kidijitali. Alimfundisha dadake Linda, muuguzi wa Nakuru, naye akashika. Kila mmoja alikuwa na funguo mbili. Wa kwanza alimpa mwenzake, nao kazi yake ni kama ya kufuli: unaweza kufunga nalo, huwezi kufungua. Wa pili alibaki nao mwenyewe chini ya neno la siri. Gibson alipomwandikia Linda, barua iligeuka msururu wa herufi zisizo na kichwa wala miguu, na hakuna aliyeweza kuisoma duniani ila Linda. Tena aliitia sahihi kwa ufunguo wake wa siri, ili herufi moja ikiguswa njiani, kompyuta ya Linda ikatae na kusema barua si halali.

Katika kompyuta ya marehemu Pam aliona barua moja iliyotumwa Jumanne jioni, siku mbili kabla ya kifo, imefungwa kabisa. Akasubiri Linda arudi nyumbani kwa matanga. Jumatatu akamfuata Nyamache, akamketisha sebuleni mbele ya babake, akamwambia afungue. Mama mtu, Bonareri, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba na akina mama wa kanisa, hakuona lolote.

Pam alifanya kazi yake vizuri siku ile, tusimwonee. Hakukubali tu kwa kuwa kompyuta imesema sahihi ni halali. Ufunguo wenye jina la Gibson mtu yeyote angeweza kuutengeneza; jina ni jina tu. Aliuliza, "Utajuaje kwamba huu ndio ufunguo wake hasa?" Linda akatoa kitabu chake cha nyimbo. Ndani ya jalada, kwa mwandiko wa kalamu wa kakake, kulikuwa na herufi na tarakimu arubaini, zimepangwa nne nne. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya ufunguo, na kila ufunguo una yake. Linda alisoma kutoka kitabuni, Pam akafuata kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu, mpaka zote arubaini zikalingana. Aliyeandika ni Gibson, na hakuna herufi iliyoguswa. Pam akasoma kwa sauti:

"Linda, habari za Nakuru. Huku mvua imezidi na chai imekubali. Tumbo bado. Dawa ya baba naendelea kunywa, kikombe asubuhi kikombe jioni, lakini nikimaliza ni kama nimemeza makaa. Jana macho yalikuwa njano, nikavaa miwani ya jua darasani, watoto wakanicheka. Nilifikiria kuacha, lakini baba anasimama mbele yangu mpaka kikombe kiwe tupu, na sitaki kumkosea. Usimwambie mtu. Nikipata nguvu Jumatatu nitaenda hospitali. Gibson."

Linda alishika mdomo. "Afande, hiyo..." alianza.

"Linda," Mzee Osoro akamkata. "Kira." Kisha akainuka kwenye kiti chake, taratibu kwa sababu ya goti bovu, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Pam. Pingu zikaingia. Pam, mtu wa Kendu Bay, aliyekuwa na miezi minne tu Kisii, alimwuliza dereva njiani maana ya kira. Dereva akasema ni nyamaza. Pam akafikiri mzee alikuwa akimbembeleza binti asilie. Alirudi kituoni ameridhika, akaifungia barua ndani ya droo yake asiionyeshe mtu, kwa kuwa siri ya kesi ni siri. Asiyejua maana haambiwi maana, na aliyejifungia droo ataambiwa na nani?

Sasa Alhamisi hii alikuwa anapitia barua za zamani, ambazo Linda alizifungua zote kwa ajili ya jalada. Nyingi zilikuwa soga za ndugu wawili: nani kaoa, nani kaanguka mtihani, ng'ombe wa nani kazaa. Moja ya mwezi wa tano ilisema hivi: "Tata goti limemwachilia kidogo, ameweza kwenda mpaka kituo cha chai. Baba ameshona tena lile gauni la bluu ulilomletea, analivaa kila Sabato mpaka wenzake wa kwaya wanamtania."

Pam alisoma, akapita, akarudi. Mzee Osoro kavaa gauni la bluu kanisani?

"Ogari!" aliita.

Konstebo Ogari, mzaliwa wa Nyakoe, aliyekuwa akijaza kitabu cha matukio chumba cha pili, alikuja na kalamu mkononi. Pam akamwonyesha mstari ule kwa kidole.

"Huyu baba anayevaa gauni ni nani?"

Ogari akasoma, akacheka. "Madam, hiyo si Kiswahili. Hapo ni Kikisii. Kwetu baba ni mama. Baba mzazi tunamuita tata."

"Baba ni mama? Tangu lini?"

"Tangu Mungu alete Wakisii hapa, madam. Hata mimi nikiwa shule ya msingi nilichapwa juu ya hiyo. Mwalimu alisema niandike insha, 'Babangu', nikaandika vile ananyonyesha mtoto." Alicheka tena. "Mtu anaweza andika Kiswahili safi kabisa, lakini akifika kwa mamake, inateleza tu inakuwa Kikisii."

Kisha akauona uso wa Pam na kicheko kikamwishia kooni. Pam alikuwa amefungua droo. Aliitoa barua ile ya Jumanne akaisoma upya kimoyomoyo, mahali pa kila baba akiweka mama. Dawa ya mama. Mama anasimama mbele yangu mpaka kikombe kiwe tupu. Sitaki kumkosea. Maneno yale yale, sahihi ile ile halali. Jumatatu aliona mzee katili anayemsimamia mwanawe anywe sumu. Leo aliona mama anayemsimamia mwanawe apone. Moyo ulimwuma, tena akaona haya. Alihakikisha herufi arubaini za ufunguo moja moja, asihakikishe neno moja la herufi nne.

Alishuka mahabusu mwenyewe, bila daftari.

Mzee Osoro aliketi kwenye benchi la saruji, koti limekunjwa vizuri kando yake. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, na hata mahabusu alikaa kama mtu anayesubiri mizani ifunguliwe. Pam alivuta kiti.

"Mzee, kesi naipeleka leo. Nataka tumalize mambo madogo. Dawa uliyompa Gibson ilikuwa kwenye chupa gani?"

"Chupa tu."

"Ya kioo au ya plastiki?"

"Ya kioo."

"Rangi ya dawa?"

"Kijani. Dawa ya majani ni kijani."

"Daktari amesema ni mzizi."

Mzee alifikiri. "Mzizi pia nilitia."

"Ulimpa saa ngapi?"

"Jioni. Nikitoka kwa ng'ombe."

"Asubuhi hukumpa?"

"Asubuhi hapana."

"Barua inasema kikombe asubuhi na kikombe jioni. Na mlikuwa hamsalimiani, mzee. Kijana asiyekusalimia alikubalije kunywa kitu mkononi mwako siku kumi?"

Mzee alitazama vidole vyake.

"Kikisii, mzee. Baba ni nani?"

Hapo alifumba macho. Alipofumbua yalikuwa mekundu.

"Nani alikuambia?"

"Mwanao mwenyewe. Kwenye barua nyingine."

"Huyo kijana na barua zake," alisema Mzee Osoro. "Madam, wewe uko na mtoto?"

"Mmoja."

"Mtoto akikufia utalia, na siku moja utakula tena. Lakini ukijua ni mkono yako ndio ilimpa? Huyo mama hatamaliza mwezi. Namjua. Tumekaa na yeye miaka arobaini. Siku ile ulisoma, nilijua palepale. Linda pia alijua. Nikaona wewe umesikia ile baba ingine, ya Kiswahili. Nikasema Mungu amefungua mlango, wacha niingie."

"Mzee, ungefungwa maisha."

"Maisha ya nani? Niko na sabini na moja. Hapa wananipa uji." Alijaribu kutabasamu, hakuweza. "Nilikosana na kijana juu ya mistari tatu ya chai. Mistari tatu, madam! Alisema ni ya kwake, nikasema labda nikifa. Hakuniomba msamaha na mimi sikumuomba. Sasa nitamuomba wapi? Kitu imebaki naweza kumfanyia ni moja, nimchungie mamake."

Pam hakuwa mtu wa machozi kazini, lakini alilazimika kutazama ukutani kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hapa kulikuwa na mzazi aliyekubali kubeba wake na wa mwenzake.

"Sheria haimfungi mama aliyempa mwanawe dawa akitaka apone," alisema.

"Si sheria naogopa."

"Najua. Lakini nisikilize. Hiyo dawa haikutoka shambani kwako. Kuna mtu aliiuza au aliigawa. Leo hii kuna nyumba nyingine mtu anamiminiwa kikombe. Nikikuacha hapa na uongo wako, huyo naye atazikwa."

Mzee Osoro alishtuka. Ilionekana wazi kwamba katika siku tatu za kupanga ukimya wake, hilo halikumpitia akilini.

"Aliipata wapi?" Pam akauliza.

"Sijui. Soko ni ya wanawake. Mimi nilikuwa natoa ng'ombe tu, naona anapita na kikombe."

"Linda anajua?"

"Linda anakaa Nakuru, atajuaje?"

"Basi amebaki mmoja wa kuulizwa."

Mzee aliinuka, goti likampinga, akashika ukuta. "Muulize jina ya muuzaji peke yake. Sababu usimwambie. Nakuomba, binti yangu. Mwambie kitu yoyote."

"Nitajaribu," Pam alisema, na alikuwa na nia hiyo kweli.

Kabla ya saa sita alikuwa Nyamache. Mvua ilikuwa imekatika na njia ya kuingia bomani kwa Mzee Osoro imekuwa tope. Vijana walikuwa wanafunga turubai, akina mama wanamenya ndizi kwenye beseni kubwa, na upande wa kulia wa nyumba kulikuwa na udongo mwekundu uliochimbwa asubuhi. Walipomwona Pam mazungumzo yalififia. Linda alimwendea getini kabla hajafika mbali.

"Umejua," Linda alisema.

"Nimejua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza, afande. Tata akaniambia kira. Nikisema zaidi, namuua baba. Nikinyamaza, namfunga tata. Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Alijifuta pua kwa upindo wa leso. "Na wewe ulikuwa umeshatoa pingu. Hata hukuuliza swali moja."

"Ni kweli," Pam alisema. "Nipeleke kwake."

Bonareri alikuwa peke yake chumba cha ndani, ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye gauni la bluu lililoshonwa begani kwa uzi usiofanana. Pam alivua viatu, akaketi naye chini. Linda alisimama mlangoni, kisha akaondoka.

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu. Umekuja na mzee?"

"Bado. Mama, nina swali dogo tu. Ile dawa ya tumbo aliyokuwa akinywa mwalimu, uliipata wapi?"

Bonareri alimtazama machoni. Hakushangaa. Alijibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyeliweka jibu tayari.

"Birongo. Kwa Tryphosa. Tunaimba na yeye wakati wa makambi ya kanisa. Ni mtu mzuri, hakunidanganya. Alisema ni mzizi ya vidonda vya tumbo, ilimponya shemeji yake. Safari hii alichimba mahali ingine, huko chini kwa mto, kwa sababu ile ya kwanza iliisha. Anauza hapo Birongo, na siku ya soko anapeleka Nyamira."

Pam aliomba radhi, akatoka mpaka ukumbini, akampigia Ogari. Birongo, sasa hivi, mwanamke aitwaye Tryphosa, achukue kila chupa na jina la kila aliyenunua, na mtu wa pili aende Nyamira sokoni. "Umwulize kwa upole," aliongeza. "Kwa Kikisii." Aliporudi, Bonareri alikuwa ametoa chupa ya plastiki ya mafuta ya kupikia chini ya kitanda, imejaa robo, maji ya rangi ya chai ya rangi.

"Imebaki hii," alisema.

Pam aliitia katika mfuko wa ushahidi akaandika tarehe. Kazi aliyoijia ilikuwa imekwisha, na angeweza kuaga.

"Linda alisema kijana aliandika barua kabla hajaenda," Bonareri alisema. "Niko ndani?"

"Uko, mama."

"Nisomee. Linda amekataa, anasema macho inamuuma. Mimi kusoma kwangu ni kidogo, Biblia ya Kikisii tu."

Pam aliitoa barua mfukoni. Yote aliyoifanyia Jumatatu yalimrudia: funguo, herufi arubaini, sahihi. Ujuzi wote ule ulikuwa wa kuhakikisha kwamba barua inatoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji bila mtu kuigusa. Sasa imefika kwake, na kati ya karatasi na masikio ya mama huyu hakukuwa na kufuli lolote ila ulimi wa Pam Anyiko. Alimkumbuka mzee aliyeshika ukuta. Akaanza kusoma. Habari za Nakuru, mvua, chai, tumbo bado.

"'Dawa ya baba naendelea kunywa, kikombe asubuhi kikombe jioni,'" alisoma, "'na inanisaidia kidogo...'"

"Hapana," Bonareri alisema.

Pam akashusha karatasi.

"Jumanne alitapika hapo nyuma ya nyumba. Mimi ndio nilimshika kichwa. Mtoto huyo hawezi kuandika inasaidia. Tangu azaliwe hakujua uongo, hata ule mdogo wa kusema chakula ni tamu. Wewe ni mtu mzuri, lakini soma vile ameandika."

"Mama, si lazima leo."

"Ni leo. Kesho namfunika." Hakupandisha sauti. "Mmesema mzee alimpa sumu. Mzee hakumpa kitu. Walikuwa hawaongei, mimi ndio nilikuwa nabeba maneno ya huyu kwa huyu. 'Mwambie tata ng'ombe imetoka.' 'Mwambie mwanao afunge.' Wiki sita. Sasa mtu hasalimii kijana, atampa kikombe aje? Kwa hii nyumba nani anapeana kikombe? Siku tatu nimeketi hapa najiuliza, mzee amebeba mzigo ya nani huko kwenu. Wanawake wanakuja wananishika mkono wananiambia kira, kira. Hakuna hata mmoja ameniuliza kitu. Wewe ndio wa kwanza. Sasa soma."

Pam alisoma. Alisoma kama ilivyo, makaa, macho ya njano, miwani ya jua, watoto waliocheka. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Bonareri alisikiliza bila kutikisika.

"Hapo ya mwisho, kabla ya ile ya hospitali. Rudia."

"'Nilifikiria kuacha, lakini baba anasimama mbele yangu mpaka kikombe kiwe tupu, na sitaki kumkosea.'"

"Alijua inamchoma," Bonareri alisema. "Alikuwa ananiangalia tu, anakunywa." Aliinua mikono yake miwili, akaitazama pande zote kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaiweka usoni. Hakulia kwa sauti. Mabega ndiyo yaliyolia. Pam alilia pia, inspekta mzima, na hakuona sababu ya kujificha.

Nje kina mama walianzisha wimbo, ukaimbwa ubeti mmoja, ukaisha.

"Mimi pia mtanichukua?" Bonareri aliuliza hatimaye.

"Hapana, mama. Utatoa taarifa baada ya mazishi. Nitakuja mimi mwenyewe, na mtu wa Kikisii."

"Na mzee?"

"Anatoka leo. Natoka hapa naenda kumfungulia."

Bonareri aliitikia kwa kichwa. Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta gauni likafunika magoti.

"Mwambie nimejua," alisema. "Mwambie njiani, kabla hajafika. Asije akasimama kwa kaburi ya mtoto akifikiria namna ya kunificha. Mimi nataka mtu wa kulia na yeye."